Somo: Kutafuta chanzo cha mchanganyiko hafifu kwenye injini ya pikapu ya zamani

Pikapu ya zamani inapoanza kukohoa kupitia kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli), kusitasita pedali inapokanyagwa na kuchemka kuliko ilivyozoea, wengi wetu hukimbilia bisibisi na kulegeza skrubu ya mchanganyiko ili petroli iongezeke. Ninaomba usianze hapo. Skrubu hiyo hutawala silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga pedali, na kidogo tu juu ya hapo. Injini inapobeba mzigo mlimani, njia nyingine ndani ya kabureta ndizo zinazoilisha. Ukiigusa mapema, dalili hupungua huku ugonjwa ukiendelea, na mchanganyiko hafifu, yaani wenye hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo, chini ya mzigo ni jambo zito, kwa sababu unaweza kuunguza valvu au hata kutoboa pistoni.

Petroli ya kawaida isiyo na ethanoli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli ili yote iungue. Uwiano huo ukipanda, ama hewa inaingia kwa njia isiyo yake, ama petroli haifiki kwa kiasi kinachotakiwa. Kwenye magari ya injekta, ambako petroli hupulizwa kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta, kuna uwezekano wa tatu, nao ni sensa kupeleka taarifa isiyo ya kweli. Vipimo vyote vinavyofuata vina kazi moja tu, kutenganisha mambo haya.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba mchanganyiko kweli ni hafifu

Kwa gari la kabureta, iache injini ipate moto kamili, ondoa kifuniko cha chujio la hewa, kisha funika mdomo wa kabureta polepole kwa kipande cha kadibodi hadi karibu nusu. Injini yenye mchanganyiko mzuri itaanza kulemewa na kushuka. Injini yenye mchanganyiko hafifu itatulia na mzunguko wake utapanda. Weka uso mbali, maana kabureta inayokohoa inaweza kurudisha moto juu.

Plagi nazo husema, ila zisomwe kwa uangalifu: endesha gari likiwa na mzigo, zima injini papo hapo bila kuiacha kwenye silensa, ndipo uzifungue. Kauri nyeupe iliyochomeka yenye chembe ndogo zilizoyeyuka inaashiria joto kupita kiasi, ingawa plagi ya daraja lisilofaa huonyesha sura hiyo hiyo. Ikiwa ni plagi moja tu iliyo nyeupe, tafuta upande huo wa menifoldi (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda) kabla ya kuishuku kabureta nzima.

Hatua ya pili: hewa ya wizi

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi, kwa sababu katika magari yenye umri mkubwa mipira na gasketi ndizo zinazochoka mapema. Funga geji ya vakyumu kwenye menifoldi. Injini yenye afya, ikiwa kwenye silensa katika usawa wa bahari, huonyesha takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki na mshale husimama imara. Punguza karibu inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Mshale uliotulia lakini uko chini ya hapo unaashiria hewa inayoingia pembeni, au moto wa plagi uliochelewa, kwa hiyo kagua taiming kabla ya kutoa hukumu.

Kisha ziba mipira ya vakyumu mmoja mmoja, ukitazama mshale. Kuna pikapu iliyonisumbua siku mbili kamili: mipira yote ilionekana mizima, nikabadilisha gasketi ya chini ya kabureta bila mafanikio. Nilipoukunja kwa vidole mpira mnene wa busta ya breki, kwenye pindo linalolalia menifoldi, ukafunguka mpasuko wa urefu wa ukucha, mweusi na mkavu, ambao ukiwa umenyooka haukuonekana kabisa. Tangu siku hiyo sikagui mpira kwa macho peke yake, ninaukunja.

Kwa maungio ya menifoldi, nyunyiza maji yenye sabuni kidogo kwa chupa ya kupulizia, sehemu moja baada ya nyingine, ukiepuka waya za plagi na distribyuta. Usisubiri mapovu, kwa kuwa injini inavuta kuelekea ndani. Sikiliza mabadiliko ya mlio pale maji yanapoziba ufa kwa muda mfupi. Wako wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii, nayo hujibu haraka, lakini huwaka kwa urahisi na ekzosti ya moto iko karibu mno. Mimi siishauri.

Hatua ya tatu: petroli inayofika

Pima shinikizo na pia wingi, kwa sababu pampu inaweza kuwa na shinikizo zuri huku chujio lililoziba likiinyima injini petroli inapohitaji nyingi. Pampu ya mitambo ya kabureta kwa kawaida hutoa pauni 4 hadi 7 kwa inchi ya mraba, na inatarajiwa kujaza takriban nusu lita kwa sekunde 30. Mifumo ya injekta huhitaji shinikizo kubwa zaidi, na kiwango chake kitazamwe kwenye kitabu cha gari. Fanya kazi hii nje, injini ikiwa imepoa. Baada ya hapo kagua kimo cha boya ndani ya kabureta na usafi wa jeti, vile vitundu vinavyopimia petroli.

Hatua ya nne: gari la injekta lenye mashine ya kupimia

Soma masahihisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli, yale ya muda mfupi na ya muda mrefu, na uyajumlishe. Namba chanya ina maana kwamba kompyuta inaongeza petroli. Ikizidi asilimia 10, chukulia kuna tatizo. Linganisha hali mbili. Ikiwa ni asilimia 20 kwenye silensa, kisha inashuka hadi 3 kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, hewa inavuja kwenye menifoldi, maana ufa ule ule ni sehemu ndogo ya hewa yote inayoingia injini inapozunguka kasi. Ikiwa ni nzuri kwenye silensa na inapanda chini ya mzigo, fikiria pampu, chujio la petroli, au sensa ya wingi wa hewa iliyochafuka. Kwenye injini ya V, yenye benki (safu) mbili za silinda, msimbo P0171, ambao ni wa mchanganyiko hafifu, ukiwa pekee unakuelekeza benki ya kwanza. Ukiambatana na P0174, ambao ni wa benki ya pili, tafuta kitu kinachohudumia benki zote mbili.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, nimebadilisha gasketi ya menifoldi lakini uvujaji umerudi baada ya wiki moja. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu, huenda menifoldi yenyewe imepinda. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake na upitishe geji ya nafasi chini yake. Wakati wa kufunga, anza na boliti za katikati ukielekea pembeni, kwa awamu, hadi kipimo cha kitabu.

Swali: Pikapu yangu haina sensa ya wingi wa hewa, ina ya shinikizo la menifoldi. Mpira wa vakyumu umechomoka na bado masahihisho ni ya kawaida, ila silensa iko juu. Inawezekanaje?

Jibu: Inawezekana kabisa. Hewa iliyoingia pembeni imepandisha shinikizo ndani ya menifoldi, sensa imeliona, na kompyuta imeongeza petroli inayolingana nalo. Kwa mfumo huo, silensa iliyopanda ndiyo dalili yako kuu.

Swali: Je, nikiweka jeti kubwa zaidi nitakuwa nimemaliza?

Jibu: Ikiwa jeti ya awali iliifaa injini hiyo kwa miaka mingi na hakuna kilichobadilishwa, haikupungua ukubwa yenyewe. Isafishe na uirudishe.

Swali: Sensa ya oksijeni inasoma volti 0.1 muda wote. Nimeweka mpya na bado ni vile vile.

Jibu: Sensa hiyo hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, haipimi petroli. Ufa kwenye ekzosti kabla ya sensa huvuta hewa ya nje, na silinda inayopiga misi, yaani isiyowaka inavyotakiwa, hutoa oksijeni ambayo haikuungua; vyote viwili husomeka kama mchanganyiko hafifu. Washa injini ikiwa baridi na utafute mlio wa tiki-tiki na alama za masizi kwenye maungio ya ekzosti. Ukikosa, ongeza petroli kwa makusudi: sensa ikiruka hadi karibu 0.8, ni nzima, nawe urudi hatua ya pili.