Mizani ya mji: tupa kile kikaratasi cha uzito wa gari tupu

Mkulima anafika kwenye mizani ya mji, lile jukwaa la kupimia magari, anapima gari na mzigo mara moja, kisha anachomoa mfukoni kikaratasi kilichokunjamana chenye uzito wa gari tupu wa miezi mitano iliyopita. Anautoa kwenye kipimo cha leo hapo hapo, anasaini, anaondoka. Kila msimu wa mavuno ni yale yale.

Tufanye hesabu. Siku ile gari lilipopimwa tupu, tangi lilikuwa limejaa, utingo amekaa ndani na turubai limelowa. Leo tangi limepungua lita 80. Lita moja ya dizeli ni takriban kilo 0.84, kwa hiyo hapo zimeondoka kilo 67. Utingo amebaki shambani: kilo 70. Maji ya turubai na matope ya chini ya gari, tuseme kilo 40. Jumla kilo 177 za mazao yako zimehesabiwa kuwa ni gari. Magunia matatu ya kilo 50 na ziada, umeyagawa kwa uvivu wa kurudi mizani!

Pima mara mbili, gari likiwa na mzigo na likiwa tupu, mizani ile ile, siku ile ile, ikiwezekana ndani ya saa mbili. Usijaze mafuta katikati. Dereva na utingo ama wote wawemo mara zote mbili, ama wote washuke. Turubai, kamba, jeki na tairi ya akiba visiguswe. Mvua ikinyesha kati ya vipimo, mizani irudishwe kwenye sifuri kabla hujapanda: milimita 1 ya maji juu ya jukwaa la mita 3 kwa 6 ni kilo 18.

Mizani nyingi za miji ya zamani zilijengwa kwa ajili ya mikokoteni, hivyo trekta na tela havienei pamoja. Kupima magurudumu ya mbele, kisha ya nyuma, na kujumlisha ni kubahatisha, hasa pale njia ya kupandia ina mteremko au breki imekazwa. Fungua tela, liache peke yake jukwaani, mguu wake wa mbele nao ukiwa juu ya jukwaa, si kwenye lami. Kagua na ule mwanya wa pembeni mwa jukwaa; kokoto moja iliyokwama hubeba uzito ambao mizani haiuoni.

Vipimo viwili, risiti mbili zenye saa, umemaliza.

Ila mzigo mdogo usiulete hapa. Mizani inayosoma kwa hatua za kilo 20 inaweza kukosea kilo 10 kila kipimo kwa kukadiria tu, yaani kilo 20 kwa vipimo viwili. Kwenye tani 5 hiyo ni asilimia 0.4, kwenye kilo 300 inakaribia asilimia 7. Mzigo wa namna hiyo upime gunia kwa gunia.