Namna ya kumtafiti kifutu wa pembe, na kwa nini uandike hata usiku mtupu

Kifutu wa pembe anayepatikana Kenya peke yake ni nyoka mdogo. Wengi hawazidi sentimita 35. Ana pembe moja juu ya kila jicho, mwili wa kijivu na mstari hafifu mweupe ubavuni. Akitulia kando ya kishungi cha nyasi unaweza kumruka mara tatu bila kumwona. Mtaalamu wa reptilia H. W. Parker alimtambulisha kwa sayansi mwaka 1932 kwa jina la Bitis worthingtoni, na makao yake ni nyanda za juu za Bonde la Ufa, kuanzia kama mita 1,500 kwenda juu: Naivasha, Elementaita, Njoro, penye mawe, nyasi na vichaka vya leleshwa. Nyasi hizo ndizo zinazolimwa, kuchomwa na kujengwa kila mwaka.

Nawaandikia vijana wanaotaka kuanza kumfuatilia nyoka wa namna hii, kwa sababu makosa yangu ya mwanzo yaligharimu data ambayo haitarudi.

Anza na vibali. Nchini Kenya utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kibali cha Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, na ridhaa ya mwenye shamba. Hiyo ya tatu wengi huidharau, ilhali ndiyo inayoamua kama mbwa watafungwa usiku na kama utaitwa siku nyoka akionekana kwenye boma.

Ukikaa na wazee kuwahoji, usitoe picha moja ukauliza, "Mzee, huyu mmewahi kumwona?" Atakubali kwa heshima tu. Mimi hubeba picha sita, moja ikiwa ya nyoka wa bara jingine kabisa. Naziweka mezani kimya, nasema, "Mzee, tuambie hawa unawajuaje." Akisema yule wa ng'ambo alimwona juzi mtoni, nashukuru, nakunywa chai, na ushahidi wake nauandika kwa penseli.

Halafu panga njia za kutembea. Chagua mistari ya urefu mmoja, mingine penye mawe na leleshwa, mingine kwenye malisho, mingine kando ya shamba lililolimwa. Usiende pale tu unapohisi yupo, maana utaishia kupima hisia zako. Huyu huwinda usiku kwa kuvizia panya na mijusi, kwa hiyo tembea polepole baada ya giza, watu wawili, tochi za kichwani, buti ndefu. Mchana funua mawe, lakini kila jiwe lirudi kama lilivyokuwa, upande uleule. Unyevu wa chini ya jiwe huchukua muda mrefu kujijenga, na wewe unaweza kuuharibu kwa dakika moja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Msimu wangu wa kwanza niliandika siku nilizopata nyoka tu. Usiku mtupu nilirudi kambini nikalala. Mwisho wa msimu sikuweza kusema lolote kuhusu sehemu ambazo hayupo, kwa kuwa daftari halikuonyesha kama niliwahi kuzitafuta. Nilihuzunika sana.

Fanya hesabu hii. Tuseme yupo mahali fulani, na uwezekano wa kumwona kwa usiku mmoja ni 1 kwa 10. Hata kama yupo, uwezekano wa kumkosa usiku wote 10 ni kama asilimia 35. Ili huo ushuke chini ya asilimia 5 unahitaji usiku 29. Kwa nyoka anayejificha hivi, sikubali mtu aniambie "ametoweka hapa" kwa safari mbili za wikendi. Kwa hiyo kila usiku andika: saa ya kuanza na kumaliza, watu wangapi, joto, upepo, mwezi, mvua ya mwisho, na idadi, hata kama ni 0. Hiyo 0 ina thamani sawa na nyoka.

Ukimpata, pumua kwanza. Hakuna dawa ya sumu iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yake, kwa hiyo mkono haumgusi mpaka kichwa kiwe ndani ya mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, mwembamba kiasi cha kumzuia kugeuka. Mwongoze kwa fimbo ya kulabu, usimbane shingo. Pima toka pua hadi tundu la kinyesi, kisha mkia peke yake. Mpime uzito ndani ya mfuko, kisha utoe uzito wa mfuko. Piga picha mabaka ya pande zote mbili. Mpangilio wake utakusaidia kumtambua mkikutana tena. Majike huzaa watoto hai, kwa kawaida 7 hadi 12, mvua za Machi na Aprili zinapoanza, basi jike mnene miezi hiyo mpige picha tu umwache. Takasa vifaa kabla ya nyoka mwingine, na umrudishe mahali palepale ulipompata, usiku huohuo.

Mwisho ni mahali. Mwaka 2016, kwa pendekezo la Kenya, nyoka huyu aliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa sababu ya biashara ya wafugaji wa ng'ambo. Simu yako huandika viwianishi vya mahali (namba za GPS) ndani ya kila picha. Zima huduma hiyo kabla ya kutoka kambini, na kwenye ripoti ya hadhara taja kaunti tu. Viwianishi kamili vibaki kwenye daftari, na daftari libaki kwenye sanduku lenye kufuli.