Kusafisha orodha ya ishu za programu huria

Mwongozo huu ni wa anayetunza mradi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, awe Kampala, Gulu au Arua, na ishu (taarifa za hitilafu, maombi na maswali ya watumiaji) zimemzidi.

1. Shusha orodha nzima. Bando ni ghali, na tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, basi usifungue ukurasa mmoja mmoja kwenye kivinjari. Ukiwa na gh, programu ya kutumia GitHub kwa amri, andika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

`gh issue list --limit 500 --search "sort:updated-asc" > ishu.txt`

Usipotaja limit utapata 30 tu. Zilizosahaulika zaidi zitakaa juu.

2. Weka lebo, usiguse msimbo. Hitilafu, ombi, swali. Lebo tano au sita zatosha. Zikizidi, hakuna atakayezikumbuka.

3. Unganisha zinazofanana. Bakiza yenye maelezo bora, hata kama haikutangulia. Kwenye nyingine andika `Duplicate of #` na namba, kisha ifunge.

4. Jaribu kuizalisha hitilafu. Hapa ndipo penye kazi, na kwetu mtego wa kwanza ni saa. Mtumiaji wa Mbale akisema ujumbe ulikwama saa tatu asubuhi, ni 9:00. Uganda iko saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo kama seva inaandika kumbukumbu zake kwa UTC, tafuta 06:00. Akiandika "3:00" bila maelezo, muulize. Huenda anahesabu kwa saa za Kiswahili. Muulize pia toleo la programu, aina ya simu, na alichobonyeza kabla mambo hayajakwama. Usimuulize zaidi ya hayo kwa mara moja, hatajibu.

Kichwa kama "Haifanyi kazi" kibadilishe kitaje kilichoharibika. Maelezo ya ndani, yawe ya Kiswahili, Kiganda au Kiingereza, yaache yalivyo.

5. Funga kwa adabu. Chagua sababu: `completed` kama imetatuliwa, `not planned` kama hamtaifanya. Kisha acha neno: "Asante ndugu. Nimejaribu kwenye toleo jipya, hitilafu haijitokezi. Ukiiona tena andika hapa, tutaifungua upya."

Kuna roboti iitwayo stale ambayo, usipobadilisha mipangilio yake, huweka alama kwenye ishu iliyolala siku 60 na kuifunga siku 7 baadaye. Mimi siiweki. Umri wa ishu hauonyeshi kama hitilafu imeisha, na anayepata mtandao kwa nadra huko Karamoja atarudi akute amefungiwa kabla hajajibu.

6. Gawa zilizobaki. Ishu nyepesi ipe lebo ya `good first issue` na utaje faili la kuanzia, la sivyo mwanafunzi wa Makerere ataifungua, aitazame, aondoke. Mradi ukiwa chini ya akaunti ya shirika, msaidizi wako mpe ruhusa ya Triage: ataweka lebo na kufunga ishu bila uwezo wa kubadilisha msimbo. Mchangiaji akileta marekebisho, aandike `Fixes #` na namba kwenye maelezo yake. Yakiunganishwa kwenye tawi kuu (nakala kuu ya msimbo), ishu inajifunga yenyewe.