Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulinganisha Rangi za Sanamu za Wahusika wa Filamu

Kabla hujaziweka mezani sanamu mbili za mhusika mmoja na kutamka ipi imepakwa vizuri zaidi, amua kwanza unapima nini, kwa sababu usahihi wa rangi na ubora wa upakaji ni mambo mawili ambayo wakusanyaji wengi huyachanganya. Usahihi ni kufanana na mhusika alivyoonekana katika filamu; ubora ni usafi wa kazi yenyewe, yaani mipaka iliyonyooka, rangi isiyomwagikia sehemu ya jirani, na tabaka lisilo zito kiasi cha kuficha michongo. Sanamu yaweza kupakwa kwa usafi wa kupendeza na bado ikawa na kijani kisichokuwa chake.

Usahihi haupimwi kwa kumbukumbu. Tafuta picha za filamu husika, tena filamu hiyohiyo na si nyingine ya mfululizo uleule. Mhusika Boba Fett wa mfululizo wa filamu za Star Wars ni mfano mzuri: katika filamu ya mwaka 1980 vikinga vya mikono yake ni vya kijani, na katika ile ya mwaka 1983 vina rangi ya damu ya mzee. Asiyelijua hilo ataikosoa sanamu iliyo sahihi kabisa. Kumbuka pia kwamba filamu hurekebishwa rangi baada ya kupigwa, kwa hiyo vazi lilelile laweza kuonekana la samawati zaidi katika onyesho la usiku; ukipata picha za vazi lenyewe likiwa kwenye maonyesho, zitumie pamoja na za filamu. Picha za matangazo usizitegemee, maana aghalabu ni za sampuli iliyopakwa kwa mkono na fundi hodari, si za zile zinazotoka kiwandani kwa wingi.

Linalofuata ni mwanga, na hapa ndipo hukumu nyingi huharibika. Niliwahi kuiona sura ya sanamu moja kuwa ya manjano kupita kiasi, nikiitazama usiku chini ya taa ya sebuleni, na asubuhi yake dirishani nikakuta ngozi ya kawaida. Tangu siku hiyo sitoi hukumu ya usiku. Dar es Salaam hatuna uhaba wa mwanga, ila jua likipiga moja kwa moja hufuta tofauti ndogondogo. Kwa kuwa kuanzia Aprili hadi Septemba jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, dirisha la kusini ndilo lenye mwanga mtulivu katika miezi hiyo, na kuanzia Novemba hadi Januari mambo hugeuka. Ondoa pazia la rangi, kwani pazia jekundu hukipaka wekundu kila kilicho karibu nalo, kisha tandika karatasi nyeupe chini ya sanamu. Ukilazimika kutumia taa, chagua LED nyeupe ya kati ya kelvini 5,000 na 6,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, nacho huandikwa kwenye boksi la taa). Ukipiga picha kwa simu, ziweke sanamu zote mbili katika picha moja, kwa sababu kamera hujirekebishia weupe upya kila unapopiga.

Hakikisha vilevile kwamba vipimo vinalingana. Jicho la mtu lenye upana wa milimita 30 hivi huwa milimita 5 kwenye sanamu ya 1/6, yaani iliyo sehemu ya sita ya ukubwa halisi, na milimita 2.5 tu kwenye ile ya 1/12, hivyo kosa la nusu milimita ambalo kwenye kubwa ni sehemu ya kumi ya jicho, kwenye ndogo ni sehemu ya tano, na mhusika anatoka na makengeza. Kuzishindanisha hizo mbili si haki. Andaa lenzi ya kukuzia, uangalie kwanza macho, ambayo yanapaswa kung'aa kwa kuwa jicho la kweli lina unyevu, ilhali ngozi inayong'aa humfanya mtu aonekane wa plastiki. Kisha linganisha uso na mikono: mara nyingi uso hupakwa rangi na mikono huachwa plastiki tupu, na hapo ndipo uchumi wa kiwanda hujitokeza.

Mwisho, fanya ulinganisho mapema baada ya kufungua boksi. Joto na unyevunyevu wa pwani huifanya PVC, plastiki inayotengenezewa sanamu nyingi, iliyofungiwa muda mrefu itoe mafuta yanayonata na kung'arisha sehemu zisizopaswa kung'aa. Basi ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, uikaushe kivulini, ndipo uitazame. Plastiki nyeupe iliyokaa juani hugeuka manjano, na umanjano huo usimhesabie aliyeipaka.