Venye mnaeza pima stafu ya shule corona kila wiki bila kuchoma pesa ama kuchoma mtu

Kabla hujanunua hata boksi moja ya vipimo, chukua karatasi uandike kila mtu mwenye huingia geti ya shule akakaa. Sio walimu peke yao. Andika walimu wa TSC (wa serikali), wale wa BOM (walioajiriwa na bodi ya shule), wanafunzi wa TP (wenye wako kwa mazoezi ya ualimu), wapishi, matroni, soja wa mchana na wa usiku, dereva wa basi, mhasibu, fundi mwenye anatengeneza madawati tangu Januari na hajawai maliza, na mama wa mandazi hapo kwa geti. Mimi nafundisha biolojia upande wa Vihiga, na 2021 nikapewa kazi ya kusimamia mambo ya corona kwa shule, nadhani ni juu tu ya hiyo biolojia, na kosa letu la kwanza lilikuwa hapo: tulipima walimu tukasahau jikoni. Mwalimu anaingia darasa dakika 40 anatoka, lakini mpishi anasimama kwa dirisha anapakulia shule nzima, mmoja mmoja, mara tatu kwa siku.

Najua sahi corona imetulia, WHO (Shirika la Afya Duniani) waliondoa ile hali ya dharura Mei 2023, lakini ikirudi ama ije ingine ya kupitia pumzi, heri mtu awe na mpango kwa droo kuliko kuanza kukimbia.

Sasa kwa nini mara kwa mara na si mara moja shule ikifunguliwa? Juu hii virusi mtu huanza kuambukiza siku moja ama mbili kabla ajisikie mgonjwa, na wengine hawajisikii kabisa, anakuja kazi vizuri, anakunywa chai na nyinyi. Kipimo kinakwambia tu habari ya asubuhi hiyo. Mtu anaeza kuwa hana Jumatatu na awe nayo Jumatano, na hakuna mtu amedanganya hapo. Uingereza 2021 serikali iliwapa stafu ya shule vipimo vya bure wawe wanajipima nyumbani mara mbili kwa wiki, sisi hiyo ya bure hatukuona, lakini wazo lenyewe ni la maana hata kama pesa ni ya kuchangisha.

Siku zenyewe usichague tu juu ratiba iko wazi. Upande wetu wikendi ni matanga, kila mtu anajua, Ijumaa mwili unatoka mochari, Jumamosi ni mazishi, watu wa Kisumu na Nairobi wamekuja, tumebanana kwa tenti. Juni 2021 kaunti 13 za huku, Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, sisi wenyewe na wengine, zilipowekewa kafyu ya saa moja jioni, moja ya amri ilikuwa mazishi yafanywe ndani ya saa 72 na watu wasizidi 50, kwa hivyo hata serikali iliona shida iko wapi. Sasa mtu akishika virusi Jumamosi kwa tenti, ukimpima Jumatatu asubuhi kwa kawaida bado ni mapema, virusi haijajaa kwa pua, kipimo kitasema hana na yeye atatembea shule nzima akijiona msafi. Ndo maana sisi tulikuja kukaa na Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu inashika ya wiki iliyopita, Alhamisi inashika ya matanga. Kama pesa inatosha mara moja tu kwa wiki, chukua Alhamisi ama Jumatano, wachana na Jumatatu.

Saa ni kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya paredi. Usifanye saa nne ya chai, hapo utakuwa umekusanya kila mtu kwa chumba kimoja wakitoa maski wapige chafya, yaani unatengeneza ile kitu unatafuta. Weka meza mbili nje, kwa varanda ama chini ya mti, na kama ni varanda hakikisha upepo haupepeti karatasi, sisi tulikuwa tunaeka jiwe. Asubuhi huku mvua si shida sana, ya jioni ndo huja na fujo.

Kuhusu kununua: ongea na PHO (afisa wa afya ya umma) wa sub-county kwanza, si baadaye. Yeye ndo atakwambia vipimo gani vimekubaliwa, nani anaruhusiwa kusimamia, na mtu akipatikana unaripoti wapi. Ukiangalia boksi, soma tarehe ya kuisha na joto la kuhifadhi, mingi husema nyuzi 2 hadi 30. Thelathini ni kidogo bana, stoo ya mabati Kisumu saa nane mchana inapita hapo bila kujaribu. Weka kwa kabati ya ndani ya ofisi yenye ukuta na dari, mbali na dirisha. Ukiweka kwa friji sawa, lakini isigande, na asubuhi itoe nusu saa mapema ipate joto la kawaida kabla ya kutumia. Hesabu pia ufanye mapema: watu 50, mara mbili kwa wiki, muhula wa wiki 13, hiyo ni vipimo 1,300, na uongeze kidogo ya zile zitaharibika juu zitaharibika.

Sasa kupima kwenyewe. Mtu anaosha mikono, anapenga kamasi kwa tishu, anakaa. Pakiti inafunguliwa akiwa ameketi hapo mbele yako, sio kufungua kumi mara moja ati kuokoa wakati. Kwa ile kaseti, kile kiplastiki cha kusomea majibu, andika namba yake na saa kwa kalamu, usiandike jina. Anatoa swabu bila kugusa upande wenye pamba, anainua kichwa kidogo nyuma, anaingiza kwa pua kama sentimita mbili hivi, hadi asikie imegota kidogo, halafu anazungusha ikigusa ukuta wa pua, mara tano, polepole, kama sekunde kumi na tano. Hapa ndo watu huharibu. Wengi wanakuna tu nywele za mlango wa pua wanatoa, na mwalimu wa hesabu ndo alikuwa mbaya zaidi, nikamwambia ahesabu kwa sauti moja hadi kumi na tano mbele ya watu, tangu siku hiyo hakurudia. Machozi yakitoka ama achemue, hiyo ni kawaida, inamaanisha amefika. Swabu ileile inaenda pua ya pili, vilevile.

Kisha swabu inaingia kwa kile kichupa chenye maji ya dawa, unaikoroga, na ukiitoa unabana kuta za kichupa na vidole ndo ule unyevu ukamuliwe ubaki ndani. Funga kifuniko, dondosha matone kwa kishimo cha kaseti. Ni matone mangapi? Soma karatasi ya ile boksi, ingine ni matatu ingine manne, na usiwai chukua maji ya kampuni moja ukaweka kwa kaseti ya nyingine hata kama vichupa vinafanana. Kaseti ikae kwa meza tambarare, isisukumwe. Ya kawaida inasomwa dakika 15, ingine inasema 20, fuata yake, na ukishapitisha muda mwenye ameandikwa usirudi kusoma, mistari ya kukuja baadaye ni ya uongo. Sisi tulikuwa na mtu mmoja kazi yake ni saa tu, hafanyi kitu ingine.

Kaseti iko na herufi mbili, C ya kuonyesha kipimo kimefanya kazi, na T ya kuonyesha virusi imeonekana. Kwa C kama hakuna mstari, tupa, hicho kimeharibika, rudia. C peke yake, hakuonekana kitu. C na T, hata kama T ni hafifu unaitafuta kwa mwanga, hiyo ni T. Watu watakuja na "lakini imefifia mwalimu", aki hapana, ni T.

Sasa kuna kitu ya hesabu lazima uelewe, la sivyo utafukuza watu bure. WHO walisema 2020 kipimo cha antijeni, yaani hivi vya haraka vya kaseti, cha kukubalika kishike angalau wagonjwa 80 kwa 100, na kwa wazima kipatie angalau 97 kwa 100. Inasikika poa. Lakini chukua watu wako 50, tuseme wote ni wazima, hiyo tatu kwa mia inaeza kukupea mmoja ama wawili wa uongo kila raundi, na unapima mara mbili kwa wiki. Vipimo vingi ni vizuri kuliko hicho kiwango cha chini, lakini bado. Kwa hivyo mwenye T anaenda nyumbani siku hiyo, halafu anafanyiwa PCR, kile kipimo cha maabara, ama vile PHO atasema, na hakuna mtu anamwita mgonjwa kabla hiyo irudi. Na upande wa pili, ile 80 inamaanisha kati ya watano wenye wako nayo mmoja anaeza pita, ndo maana madirisha yanabaki wazi na mwenye anakohoa anabaki nyumbani hata kama kaseti imesema hana. Kipimo hakimalizi kikohozi.

Haya, tuje kwa ile kitu inafanya mpango wote uanguke, na si kaseti. Siku ya kwanza ya kupima jikoni, mama mmoja mwenye amepika hapo kabla mimi nifike hiyo shule alikataa kukaa kwa kiti. Hakuwa na kelele, alisimama tu ameshika mwiko, akaniambia, "Mwalimu, wewe ukipatikana utalala nyumbani na mshahara utaingia. Mimi nikipatikana nitakula nini?" Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa analipwa kwa siku. Nikienda kwa ofisi kuuliza nikaambiwa hiyo itaangaliwa baadaye, na baadaye unaijua. Wiki mbili jikoni wote walikuwa wanakuja kupimwa wakiwa na haraka, ama wanakuja wamechelewa kwa makusudi ndo meza ifungwe, na mimi nawaelewa kabisa. Ilibadilika tu BOM walipokaa wakaandika kwa minitsi kwamba mwenye ametumwa nyumbani juu ya kipimo analipwa siku zake zote kama amekuja, wa jikoni, soja, mwalimu wa BOM, wote. Hiyo karatasi ipatikane kabla ya boksi ya kwanza kufunguliwa, na isomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili, na ukiweza na Kiluhya ama Kijaluo kulingana na wenye wako hapo.

Ya pili ni siri. Shule moja hapa kwetu mtu alipiga picha kaseti akatupa kwa grupu ya Watsapu ya stafu, ati ni kuwaonya, kufika saa sita kijiji kilikuwa kinajua, watoto wa yule mwalimu wakaitwa majina. Tangu 2019 Kenya iko na sheria ya kulinda data na habari ya afya ya mtu iko ndani, lakini hata bila sheria, daftari la majina na namba likae na mtu mmoja, lifungiwe, prinsipo aambiwe ni nani tu wa kujaziwa masomo, basi. Mwenye yuko na T haitwi mbele ya wenzake, unapitia kwake kama unaenda kumuuliza kitu ingine, unamwambia kando, unamtafutia usafiri wenye hatabanana kwa matatu, boda yenye madirisha ya mbinguni ni afadhali, wote wawili na maski. Wenye alikaa nao karibu juzi na jana unawaambia wajiangalie na unawapima tena, bila kutaja jina. Siku za kukaa nyumbani fuata PHO, wakati huo WHO walikuwa wanasema siku 10 tangu dalili zianze, halafu uongeze angalau siku tatu zingine bila homa wala dalili.

Takataka usitupe kwa shimo la shule. Swabu, vichupa, kaseti na glavu vinaingia kwa mfuko wa manjano, unafungwa, na unapanga na kituo cha afya cha karibu wachome kwa incinereta yao. Tulikuta watoto wa darasa la nne wakicheza na kaseti siku moja, wanajifanya madaktari, kwa hivyo najua nachosema.

Na vipimo vikiwa vichache, juu vitakuwa vichache, msigawane ati kila idara ipate kidogo. Anza na jikoni na matroni wa bweni, kisha soja wa geti, kisha walimu wenye wanaingia madarasa mengi. Sisi wengine wa ofisini tunaeza kungoja boksi ingine.