Kamera Ndogo kwa Jua la Nyanda za Juu Kusini: Yenye Kidirisha cha Kuchungulia au Kioo Peke Yake?

Usiamue ukiwa ndani ya duka. Chini ya taa za tyubu kila kioo cha nyuma ya kamera kinang'aa na rangi zinapendeza, hata kwenye kamera itakayokutesa kesho yake. Mwombe muuzaji utoke nayo barazani saa sita mchana. Lipe jua mgongo, kisha ligeukie, na kila upande jaribu kusoma namba za chini ya kioo: kasi ya shata (pazia linalofungulia mwanga), tundu la lenzi, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga). Kama huzisomi mpaka ukinge kwa kiganja, na picha zako nyingi ni za nje mchana, tafuta kamera yenye kidirisha cha kuchungulia kwa jicho. Jaribio hili la dakika mbili linakuambia mengi kuliko karatasi ya sifa.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wake. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo unafika 2,600, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi na jua linapiga bila huruma likitoka kati ya mawingu. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari linapita karibu kabisa na utosi. Maua ya Kitulo yanachanua kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa hiyo anayekwenda kuyapiga picha anakutana na jua hilo hilo.

Kioo kikizidiwa na jua, makosa yanayotokea huyaoni mpaka ufike nyumbani. La kwanza ni fokasi. Unapiga okidi iliyo sentimita 30 mbele yako, kamera inashika majani ya nyuma, na wewe kwenye kioo unaona kivuli cha shati lako tu. La pili ni mwanga. Kioo kinaonekana giza, unadhani picha ni giza, unaongeza mwanga, na maua meupe yanageuka doa jeupe lisilo na mshipa hata mmoja. Doa hilo halirudishiki. Mwenye kamera ya kioo tu afungue grafu ya mwanga kwenye menyu na kuiamini hiyo kuliko macho yake: vilima vyake vikigonga ukuta wa kulia, apunguze mwanga kwa 0.3 hadi 0.7 na kupiga tena. Kamera nyingi za Sony zina ngazi ya kioo ya jua kali, nayo inasaidia kweli, ila inakula betri.

Kidirisha kina faida nyingine ambayo watu huisahau: kinatuliza kamera. Ukiibana kwenye paji la uso, viwiko vikiwa mbavuni, mikono haichezi kama ukiinyoosha mbele. Kwa lenzi pana tofauti ni ndogo. Kwa zumu ndefu ni kubwa. Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isiwe chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi, yaani kwenye milimita 200 usishuke chini ya 1/200, na kwenye 720 kaa 1/800 au zaidi. Kanuni hiyo ilitungwa kwa watu walioibana kamera usoni. Ukiwa umenyoosha mikono, ongeza kasi mara mbili. Kizuia mtikisiko cha lenzi kinakupunguzia mzigo, lakini hakimzuii swala anayekimbia.

Kwa hiyo anayekwenda Ruaha asidanganywe na zumu peke yake. Canon SX740 HS inavuta hadi milimita 960 na haina kidirisha. Ukifika mwisho wa zumu, kumpata ndege aliye juu ya mti kwenye kioo kilichojaa mng'ao ni kazi, na akihama tawi unaanza upya. Sony HX99 na Panasonic TZ80 zinaishia 720 lakini zina kidirisha, na kwa safari ya mbugani tunazichagua hizo bila kusita. Gari likisimama, mwambie dereva azime injini. Mtetemo wake unaingia kwenye picha hata ukiwa na kidirisha.

Lakini vidirisha havilingani, na kibaya ni afadhali kisiwepo. Vile vya macho matupu, kitundu cha kioo kilichotobolewa juu ya lenzi, utavikuta kwenye kamera za zamani kama Canon G12 ya 2010 na G16 ya 2013. Havili betri na jua havilijui, ila vinaonyesha kama asilimia 80 tu ya picha, na lenzi yenyewe inachomoza kwenye kona. Kitu kikiwa karibu, kitundu na lenzi vinaona mahali tofauti, ndiyo maana vichwa hukatwa. Kwa mandhari ya milima vinatosha. Kwa ua la karibu, rudi kwenye kioo.

Vya umeme ni kioo kidogo ndani ya kitundu. Unaona picha nzima pamoja na namba zake, tena mwanga ukiwa kama utakavyotoka. Hapa angalia ukubwa na wingi wa nukta. Panasonic TZ100, kamera nzuri yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea picha) ya inchi 1 na zumu ya 25 hadi 250, ina kidirisha kidogo sana, na ukihamisha jicho haraka rangi zinapasuka vipande vyekundu, vya kijani na vya buluu. Wengine hawalioni hilo kabisa, wengine linawaumiza kichwa, kwa hiyo lijaribu kwa jicho lako. Sony RX100 III ya 2014 ndiyo iliyoanza kuficha kidirisha ndani ya mwili wa kamera na kukirusha juu kwa kitufe, kikiwa na nukta milioni 1.44, kuanzia ya IV zikawa milioni 2.36. Kwenye ya III hadi ya V, kikishapanda lazima ukivute nyuma kwa kidole ndipo uone vizuri, na kabla ya kukishusha ukirudishe ndani. Anayekisukuma chini kabla ya kukirudisha ndiye anayekivunja. Ya VI na ya VII zinafanya yote kwa mguso mmoja.

Fujifilm X100V na X100VI zina kidirisha bora kuliko zote tulizotaja, kinachobadilika kati ya macho matupu na umeme. Ila lenzi ni moja isiyovuta, sawa na milimita 35, na X100VI ina gramu 521. Hiyo haiingii mfuko wa shati.

Mvaa miwani asinunue kidirisha kabla ya kukijaribu na miwani yake usoni. Kitundu kidogo kinamnyima kona za picha, na raba ngumu inakwaruza kioo cha miwani. Karibu na kitundu kuna gurudumu au kijiti cha kurekebisha macho. Kukiweka sawa, usitazame mlima, tazama namba zilizoandikwa ndani ya kidirisha, na zungusha taratibu mpaka kingo zake ziwe kali. Wengi wanaolalamika kwamba kidirisha ni cha ukungu hawajagusa gurudumu hilo.

Sasa upande wa pili. Kama kamera yako itaishi kwenye send-off, kitchen party, ibada, mgahawa au picha za bidhaa za kuuza mtandaoni, usilipie kidirisha. Fedha hiyo ipeleke kwenye sensa na lenzi. Canon G7 X Mark III ina sensa ya inchi 1, lenzi ya milimita 24 hadi 100 yenye tundu la f/1.8 hadi f/2.8, na kioo kinachoinuka mpaka kukutazama wewe mwenyewe. Ukumbini hakuna utakachokosa. Ricoh GR III ina sensa kubwa zaidi na picha zake ni safi mno, ila kioo hakiinuki na lenzi haivuti. Kwenye kiatu chake cha juu, yaani kile kijireli cha kushikia vifaa, unaweza kuchomeka kidirisha cha macho matupu cha milimita 28. Ukinunua kamera isiyo na kidirisha, kiatu hicho kitazame kwanza, maana G7 X haina, na hapo mlango umefungwa moja kwa moja.

Kioo kinachoinuka kinashinda kidirisha mahali pamoja muhimu sana: chini. Okidi nyingi za Kitulo ziko kimo cha goti au chini yake, na baada ya mvua ardhi ni tope. Kuchungulia maana yake ni kulala kifudifudi, tena juu ya mimea mingine. Inua kioo, shusha kamera, kinga kwa kofia pana, piga. Ndiyo maana kwa mtu wa maua na mandhari tunapendekeza kamera yenye vyote viwili, kwa mfano RX100 III iliyotumika, kuliko mpya yenye kimoja. Na kama kamera uliyoonyeshwa haina kidirisha, haina zumu ndefu, na sensa yake ni ile ndogo ya milimita 6 kwa 4.6, baki na simu yako. Hutaona tofauti.

Za mtumba zinakaguliwa hivi. Washa na kuzima mara kumi, ukisikiliza lenzi: ikikwaruza, kuna mchanga, na kamera iliyotumika Usangu wakati wa kiangazi huwa nao. Rusha kidirisha juu na kukishusha mara kumi pia. Springi iliyochoka inapanda nusu. Kinga kitundu kwa kidole uone kama picha inahama kutoka kioo kwenda kidirisha. Isipohama, futa kijicho kidogo kilicho pembeni ya kitundu, kwa kuwa mafuta ya uso yanakiziba. Kisha weka tundu la lenzi f/8 au f/11, piga picha ya anga au ukuta mweupe, ikuze: nukta za kijivu zinazobaki mahali pale pale kwenye kila picha ni vumbi juu ya sensa, na kwa kamera isiyobadilishwa lenzi vumbi hilo halitoki mpaka ifunguliwe na fundi. Vuta betri, ikikwama au ikiwa imevimba, hesabu bei ya mpya. Chaja isomeke 100–240V, 50/60Hz. Mwisho fungua menyu ya lugha: kamera nyingi za Sony zilizouzwa kwa soko la Japani zina Kijapani tu, na hakuna kitufe cha kukibadilisha.

Nunua betri ya pili siku hiyo hiyo. Kidirisha cha umeme hakiokoi chaji kama wengi wanavyodhani. RX100 VII inapewa picha 260 kwa kioo na 240 kwa kidirisha. Asubuhi za Juni na Julai Makete au Njombe, baridi inapunguza namba hizo zaidi, kwa hiyo betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukishuka kutoka Kitulo kwenda Matema siku moja, unatoka kwenye baridi kali kuingia joto la unyevu la Ziwa Nyasa, na ukungu utatanda kwenye lenzi na ndani ya kidirisha. Ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla hujaanza kushuka, na usiufungue mpaka kamera ipate joto la mahali, kama nusu saa. Ukungu wa nje unafutika. Wa ndani unaacha kuvu.

Kwa video, weka mfumo wa PAL, fremu 25 au 50, shata 1/50 au 1/100. Umeme wetu ni wa 50Hz, na kamera iliyoachwa kwenye NTSC, mfumo wa nchi za umeme wa 60Hz, inaleta mistari ya giza inayotembea chini ya taa za tyubu na za LED za bei rahisi. Badilisha kabla ya kupiga chochote, kwa sababu baadhi ya kamera hudai kadi ifutwe kwanza.