Miche ya mahindi matamu imedhoofika baada ya kupandikizwa? Anzia kwenye mizizi

Mahindi matamu hayapendi kusumbuliwa mizizi. Ndiyo maana wiki ya kwanza shambani miche mingi hunyauka, hubadilika rangi au husimama bila kukua, na wengi hukimbilia yurea. Usiweke mbolea yoyote kabla hujang'oa mche mmoja, ule mbaya kuliko yote, pamoja na bonge lake la udongo.

Mizizi ikiwa myeupe na imeanza kutoka nje ya bonge, mche utapona wenyewe. Ikiwa ya kahawia, laini na inanuka, maji yamezidi: punguza umwagiliaji, fungua mfereji. Ikiwa imejizungusha kufuata umbo la trei, mche ulikaa kitaluni kupita kiasi. Huo hautapona vizuri. Mara nyingi hutoa mbelewele ungali mfupi na hindi lake huwa dogo. Pandikiza miche ikiwa na majani mawili au matatu, kama siku 10 hadi 14 tangu iote. Ncha za mizizi zikiwa zimeungua upande mmoja, mbolea ya kupandia, DAP, iligusana nayo. Kizibo kimoja cha soda kwa shimo kinatosha, kikifunikwa na udongo wa sentimita 5 kabla ya kuweka mche. Kama umeshachelewa, mwagilia kwa wingi mara moja ili chumvi ishuke.

Sasa tazama majani, na uliza kwanza: yameathirika ya zamani au mapya?

Mabaka meupe makavu kwenye majani ya zamani, yakitokea siku chache tu baada ya kupandikiza, ni jua. Miche haikuzoeshwa. Usiyakate majani hayo. Awamu ijayo, itoe nje kidogo kidogo kwa siku 7.

Rangi ya zambarau huonekana sana nyanda za juu, kama Njombe, Lushoto au Limuru, mwezi wa Juni na Julai. Ni dalili ya mche kukosa fosforasi. Fosforasi inaweza kuwepo tele udongoni, ila mizizi iliyopigwa baridi haiivuti. Jani jipya likitoka la kijani, mwache mche. Mbolea haipashi udongo joto.

Njano inayoanzia nchani mwa majani ya chini na kushuka katikati kwa umbo la V ni upungufu wa naitrojeni. Hapo ndipo CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, ina kazi: kizibo kimoja kwa mche, sentimita 10 kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu. Kingo zikiungua, fikiria upungufu wa potasiamu. Mikanda mipana myeupe kwenye majani mapya ni upungufu wa zinki. Vistari vyembamba vya njano vilivyokatikakatika ni virusi vya milia, vinavyosambazwa na panzi wadogo wa majani. Havina dawa, ng'oa mche.

Mche uliokatwa usawa wa ardhi umeliwa na sota, kiwavi anayekata miche. Fukua kwa kidole kuzunguka shina asubuhi na mapema, utamkuta amejikunja. Usiutupe mche papo hapo: kabla ya jani la sita, kitovu cha ukuaji huwa bado chini ya udongo, na mche uliokatwa juu yake huchipua tena. Tazama jani la katikati. Likisukuma juu ndani ya siku 4 au 5, umepona.

Madirisha meupe kwenye majani na kinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wa mche ni viwavijeshi vamizi. Mkubwa ana alama ya Y iliyopinduka kichwani na vidoa vinne vilivyojipanga kimraba karibu na mkia. Shambani kwa miche michache, okota kwa mkono. Dawa ipigwe jioni, ielekezwe moyoni, viwavi wakiwa wadogo.

Mapengo yazibe ndani ya siku 10 kwa mbegu mbili kila shimo. Ukichelewa zaidi ya hapo, mimea mipya itafunikwa na kivuli na kuchanua wakati chavua ya wenzake imeshakwisha.